Shimo Ambalo Fundi Hana

Giaboksi ya lori haitoki kwa nguvu, inatoka kwa mpangilio. Mawe yanawekwa kwenye magurudumu, waya wa betri unafunguliwa, oili inamwagwa kwenye debe. Propela shafti inapigwa alama ya chaki kabla ya kufunguliwa, ili irudi vile ilivyokuwa. Halafu nyaya za gia, silinda ya klachi, na mwisho zile bolti zinazoishika kwenye injini. Hapo jeki iwe tayari chini, maana giaboksi ya lori kubwa inaweza kupita kilo 200, na ikining'inia kwenye shafti yake itaharibu klachi. Inavutwa nyuma moja kwa moja, ndipo ishushwe.

Kwenye gereji yenye shimo, fundi hufanya haya yote amesimama. Kibera na Kawangware hulala chali juu ya kadibodi. Huko kulala chali kuna historia, nayo ni ya ardhi.

Kibera ilianza kama makao ya wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles, mwanzoni mwa karne ya 20. Walikaa kwa ruhusa ya mkoloni, bila hati. Uhuru ulikuja 1963, hati haikuja. Jumuiya ya Wanubi ilipewa yake, ya ekari 288, mwaka 2017. Sasa niambie, nani atachimba shimo na kulijengea zege mahali ambapo anaweza kufukuzwa kesho? Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Jeki na sanduku la spana hupakiwa kwenye mkokoteni. Shimo halipakiki.

Kawangware ni tofauti kidogo. Ploti zimejaa vyumba vya kupangisha hadi ukutani, kwa hivyo kazi hufanyiwa nje, kando ya barabara ama mbele ya geti la mwenye lori.

Na kazi haikosi. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, iliitaka serikali ya Kenya iache kuwasumbua watu wa sekta isiyo rasmi. Mwaka uliofuata Jomo Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum. Magari yaliyochoka yakapata kazi, na gari lililochoka halikai mbali na fundi.

Novemba 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akaahidi vibanda kwa mafundi waliokuwa wakifua vyuma juani. Jina la jua kali likapata heshima serikalini. Mimi naona jina hilo lilitupoteza kidogo, maana lilitufanya tuone jua peke yake. Mabati yanamfaa mfua sufuria. Anayeshusha giaboksi anataka sakafu ngumu, kwa sababu mvua ikinyesha jeki huzama kwenye udongo, hata ikiwekewa ubao, na aliye chini hana pa kukimbilia. (Chuoni, kabla sijaacha, tulisoma habari za jua kali muhula mzima. Uzito haukutajwa.)

Kuna fundi wa Kawangware niliyemuuliza kwa nini yeye mwenyewe ndiye huingia chini wakati wa bolti za mwisho, spana boi akibaki kwa jeki.

"Huyu ni mtoto wa mtu," akasema, akavuta kadibodi yake chini ya lori.