Kanga, kwale na mbwa mwenye kengele: sheria ya Uganda inasemaje?

Mkulima mwenye ekari mbili nje ya Kampala, kuelekea Mityana au Luweero, akiamka na kukuta kanga wamefukua mbegu zake za mahindi, mara nyingi jibu lake ni moja: kumfungulia mbwa. Wengi hawaliiti tendo hilo uwindaji. Kwao uwindaji ni bunduki, ni nyati, ni hifadhi ya taifa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haitofautishi hivyo. Ndege wa porini yumo mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, awe ndani ya hifadhi au katikati ya shamba la mtu, na kumnasa au kumuua bila kibali ni kosa. Hati ya ardhi humpa mwenye shamba udongo na mazao yake. Haimpi kanga aliyetua juu yake.

Mji uliopewa jina na mnyama wa kuwindwa

Si ajabu kwamba jambo hili huwashangaza watu, kwa kuwa uwindaji ni wa kale hapa kuliko jiji lenyewe. Kwa simulizi iliyoenea, jina la Kampala limetokana na kilima ambacho wafalme wa Buganda walikitumia kwa kuwinda swala pala. Katika neno "mpala" msemaji wa Kiswahili anasikia wazi mnyama yule yule. Juu ya kilima hicho ndipo Kapteni Frederick Lugard alipojenga ngome yake Desemba 1890.

Mbwa naye alikuwa na heshima yake. John Hanning Speke, aliyefika katika baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, aliandika kwamba mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke ndivyo vilivyokuwa alama ya ufalme. Hadi leo Buganda ina ukoo wa Mbwa, ambao mwiko wao ni mnyama huyo.

Ndege wanaokimbia kabla ya kuruka

Barani Ulaya, mbwa wa kuwindia ndege hufunzwa hasa kwa ajili ya ndege wa nchi kavu wanaojificha ardhini. Anayesifiwa zaidi na wawindaji ni ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu, anayeitwa bécasse na Wafaransa. Huyo hayuko Uganda. Walioko ni wengine wenye tabia inayofanana: kanga wa kawaida mwenye pembe ndogo kichwani, kororo mwenye kishungi cheusi anayependa msitu, kwale wa aina kadhaa, na tombo ambao huonekana kwa wingi mvua zinapostawisha nyasi. Wote hawa hupendelea kukimbia au kulala chini kabla ya kutumia mbawa. Ndiyo maana mtu peke yake hupita hatua chache kutoka kwao asiwaone, ilhali mbwa huwapata kwa pua.

Katika kundi hili wamo wasiostahili kuguswa hata kidogo. Kwale wa Nahan, ndege mdogo wa sakafu ya msitu, anaishi Uganda na kaskazini mashariki mwa Kongo tu, na Mabira, msitu unaopitiwa na barabara kuu ya Kampala hadi Jinja, ni moja ya makazi yake. Mbwa hawezi kumtambua kwale huyo na kumwacha akamfuata mwingine. Hapo ndipo hoja ya "ni kwale tu" inapoanguka.

Katika mabonde yenye maji huja pia jamaa wa karibu wa yule ndege wa Ulaya, mwenye mdomo mrefu vilevile, anayezaliana Skandinavia na Urusi kisha kuhamia Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia ndege hao kutoka Sweden na kuona wakiruka kilomita 4,300 hadi 6,800 bila kutua, kwa siku mbili hadi nne, hadi Afrika ya kati. Kiumbe aliyesafiri hivyo hufika amechoka na kukonda, na akifurushwa na mbwa siku ya kwanza kinamasini hupoteza nguvu asizonazo. Kuwa mgeni hakumwondoi katika ulinzi wa sheria za Uganda.

Kengele inaponyamaza

Mbwa wa asili wa eneo la misitu kutoka Kongo hadi magharibi mwa Uganda hana desturi ya kubweka. Hutoa sauti nyingine, kama ya kuimba, lakini akiwa kazini huwa kimya. Kwa sababu hiyo wawindaji humfunga kengele shingoni, ya mti au ya chuma. Wazungu walimpeleka Ulaya na kumwonyesha katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1937, wakimwita Basenji. Jina hilo lina udugu na neno letu "washenzi", na halikuwa sifa. Mbwa mwenyewe amelivaa vizuri kuliko waliompa.

Wawindaji wa Ufaransa nao humfunga mbwa wao kengele, ila kwa maana iliyo kinyume. Mbwa wao amefunzwa kuganda mara anaponusa ndege, kwa hiyo kengele ikinyamaza mwindaji hujua ndege amepatikana na husogea taratibu. Katika misitu ya kwetu kengele hulia ili mnyama ashtuke na kukimbilia kwenye wavu, huku wenye wavu wakijua mbwa yuko wapi. Kwa mlinzi wa hifadhi sauti hiyo ina maana ya tatu.

Jambo lingine linawagusa wasikilizaji wengi wa Kiswahili jijini, walio Waislamu. Sura ya Al-Maida inaruhusu kula mawindo yaliyokamatwa na mbwa aliyefunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Ruhusa hiyo inahusu uhalali wa nyama, na mbele ya hakimu haichukui nafasi ya kibali.

Kibali hutolewa wapi

Mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ijulikanayo kama UWA, iliyoundwa mwaka 1996 kwa kuunganisha Idara ya Wanyama na shirika la hifadhi za taifa. Makao yake makuu yako Kamwokya, barabara ya Kira. Sheria inagawa haki za matumizi ya wanyamapori kwa madaraja: la kwanza ni uwindaji, na baada yake ufugaji, ranchi, biashara, kisha elimu na utafiti. Haki ya daraja moja haimpi mtu ruhusa ya daraja jingine. Anayeruhusiwa kufuga hajaruhusiwa kuwinda.

Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchini mwaka 1979, baada ya miaka ya vita na ujangili mkubwa. Ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001 katika ardhi za wafugaji zinazozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo, chini ya kampuni yenye mkataba. Kwa hiyo uwindaji halali uliopo ni wa maeneo maalumu na wa gharama kubwa, na mkulima wa kawaida hakufikiriwa ulipopangwa. Malalamiko yake kwamba mgeni mwenye fedha hupiga risasi ilhali yeye hukamatwa kwa kanga mmoja yana uzito, lakini hayatamsaidia akishafikishwa mahakamani.

Atakayetaka kutumia bunduki, hata ya risasi za chembechembe, atahitaji pia cheti chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1970. Hivyo ni vibali viwili, kutoka ofisi mbili.

Kampala ina mahakama inayoshughulikia makosa ya wanyamapori. Oktoba 2022 mahakama hiyo ilimhukumu mwanamume kifungo cha maisha kwa kosa la pembe za ndovu. Adhabu hiyo ya juu kabisa, au faini isiyozidi shilingi bilioni 20, imewekewa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini kutoweka. Kanga na kwale wa kawaida hawamo katika kundi hilo. Korongo mwenye taji, aliyeko kwenye bendera ya taifa, yumo katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini.

Mbwa akivuka mpaka

Ndani ya hifadhi, kuingiza mnyama wa kufugwa ni kosa linalojitegemea, na mbwa ni mnyama wa kufugwa. Hata kama hakuna unyoya uliodondoka, mwenye mbwa ana kesi.

Sababu moja ni magonjwa. Mwaka 1994 homa ya mbwa inayosababishwa na virusi iliingia Serengeti, Tanzania, na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile. Ugonjwa mwingine husafiri kutoka porini kuja nyumbani: mbwa anayewinda hukutana na mbweha na nguchiro, na huweza kurudi na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Mbwa achanjwe kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wake na anaonekana mzima.

Kanga wa bandani

Nyama ya kanga ina wapenzi wengi, na njia iliyo wazi ni kumfuga. Kanga wa bandani ametokana na yule yule wa porini, na hapo ndipo shida inapozaliwa. Weupe au wa rangi ya majivu mepesi hujulikana mara moja kuwa wa nyumbani, lakini wenye madoadoa hawatofautiki kirahisi na ndugu zao wa kichakani. Muuzaji wa kando ya barabara asiye na karatasi yoyote hana namna ya kuthibitisha alikowatoa, na mnunuzi naye hana.

Wakenya walilijua hili mwaka 2013 na 2014, mayai ya tombo yaliposifiwa kuwa dawa na maelfu wakakimbilia kuwafuga. Wengi waligundua baadaye kwamba walihitaji leseni ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, na bei ikaporomoka kabla hawajarudisha mtaji.

Kwa hiyo anayeanza anunue vifaranga au mayai kwa mfugaji anayejulikana, na adai risiti. Mayai huatamiwa vizuri na kuku wa kienyeji, na huanguliwa kati ya siku 26 na 28. Vifaranga hufa upesi kwa baridi na unyevu, basi wiki za kwanza wasiachwe kwenye majani yenye umande. Mayai yaliyookotwa kichakani yaachwe hapo hapo.