ESR ilimfanya shosh aonekane mwongo

Wasee, mwaka jana nilimpeleka shosh hospitali. Vidole vimevimba, na kila asubuhi inamchukua zaidi ya saa moja kabla akunje ngumi. Wakatoa damu, ESR ikarudi sawa, akaambiwa hana kitu, ni uzee. Kwa matatu hakusema neno mpaka tukafika. Mimi ndio nilikuwa na hasira, nikaanza kusoma hii ESR ilitoka wapi.

Ilianzia Warsaw, Poland. Ukiweka damu kwa mrija na uizuie isigande, chembe nyekundu zinashuka polepole hadi chini. Mwaka wa 1897 daktari Edmund Biernacki aliandika kwamba kasi hiyo si moja kwa kila mtu. Mgonjwa mwenye homa na fibrinojeni nyingi, chembe zake zinashuka haraka. Fibrinojeni ni protini ambayo ini hutoa kwa wingi mwili ukiwa vitani. Inafanya chembe zishikane kama chapati zimepangwa kwa sahani, na mzigo kama huo haukawii kufika chini.

Nje ya kwao hakusikika sana. 1918, Mswidi Robert Fåhræus akaona kitu hicho hicho kwa damu ya wajawazito na, manze, akadhani amepata kipimo cha mimba! 1921 Alf Westergren, aliyekuwa anashughulika na wagonjwa wa TB, akaelezea njia ambayo bado inatumika: mrija wa milimita 200, ngoja saa moja, soma zimeshuka milimita ngapi. Jina la Westergren ndilo likashika. Poland bado wanakiita kipimo cha Biernacki, na mimi niko upande wao.

Sasa angalia hiyo orodha: homa, mimba, TB. Baridi yabisi haimo. ESR inaona moshi tu, haijui nyumba gani inaungua, na kuna moto usiotoa moshi mwingi. CRP nayo, iliyogunduliwa New York mwaka wa 1930, ilitoka kwa wagonjwa wa nimonia.

Kipimo kilichokaribia ugonjwa wenyewe kilitoka Norway. Erik Waaler aliona damu ya mgonjwa wa baridi yabisi ikigandisha pamoja chembe za damu ya kondoo. Alichapisha 1940, mwaka uleule Wajerumani waliivamia nchi yake, kwa hivyo unajua venye hiyo habari ilisafiri. 1948 Harry Rose na wenzake wakaigundua tena New York. Inaonekana kwa hii stori ya damu lazima kila kitu kigunduliwe mara mbili. Na bado kuna wagonjwa ambao hata kipimo hicho hakiwashiki.

Kilichonimaliza ni hiki. Mwaka wa 2010 madaktari wa viungo wa Marekani na Ulaya walikubaliana kuutambua ugonjwa huu kwa alama. Jumla ni 10, ukifika 6 unao. ESR na CRP kwa pamoja zinakupa alama 1. Viungo vilivyovimba au vinavyouma vinaweza kukupa 5.

Daktari wa pili hakuanza na karatasi ya maabara. Alimwambia shosh, "Cucu, nipe mikono," akabonyeza vidole kimoja kimoja huku akihesabu.