Land Rover ya Papa: tuitengeneze ao tuiache?

Bandugu, kwetu katika bonde la Ruzizi, Papa iko na Land Rover ya mwaka 1968. Njo ilipeleka Mama hospitali siku mimi nilizaliwa. Sasa ni miaka 8 imesimama chini ya muembe. Mwaka jana mavuno yalikuwa muzuri, Papa akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Tuitengeneze ao tuiuze kwa kilo?" Fundi alikuwa ameomba dola 3.500. Zile njo makuta ya mbegu na ya minervali ya mudogo wangu.

Mimi ni mutu wa agronomia, si wa magari. Basi nikaanza na historia.

Kumbe hii gari ilizaliwa shambani. Kisha vita ya 1939-1945, Maurice Wilks, mukubwa wa mainjinia wa kampuni Rover ya Uingereza, alikuwa anatumikisha Jeep ya vita kwenye shamba lake kule Anglesey. Akatafuta gari ya kuchukua nafasi yake siku itachoka. Hakuipata, njo akatengeneza yake. Ilionyeshwa watu kule Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Rover walifikiri ni kazi ya miaka kidogo tu, kisha warudilie magari yao ya kifahari.

Wakati ule chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilipatikana. Ndiyo sababu mwili wa Land Rover ukawa wa alumini, shasi ikabaki ya chuma. Hapa njo mutego uko. Alumini haishikwi na kutu kama chuma, basi ile gari inaweza kuonekana muzima miaka na miaka. Lakini shasi ni kama sanduku refu: matope na maji vinaingia, kutu inakula toka ndani. Sisi wa agronomia tunaijua hii: muhogo unaweza kuwa na majani ya kijani, na muzizi umeoza.

Nikachukua nyundo, nikalala chini ya gari. Pahali pazuri chuma kinalia. Kwa nyuma na karibu na springi hakikulia, nyundo ilipenya.

Kule Uingereza mutu anaagiza shasi mupya, anafunga mwili wa zamani juu yake kwa boloti, na wanunuzi wa magari ya zamani wanaweza kumurudishia makuta. Kwetu, shasi itavuka bahari, ilipe duane, kisha nani atainunua? Watu wanatafuta Toyota, yenye piesi zinapatikana karibu kila soko. Na zile dola 3.500 zilikuwa za moteri na rangi. Shasi haikuwa ndani ya hesabu ya fundi.

Nilimwambia Papa ukweli. Alinyamaza siku mbili.

Lakini historia ilitupatia pia njia. Land Rover za kwanza, mukulima aliweza kuagiza kifaa cha kutolea nguvu ya moteri, izungushe mashini za shamba. Moteri yetu, dizeli ya litri 2,25, ilikuwa bado na nguvu. Tuliitoa, tukaifunga kwenye mashini ya kusaga. Leo inasaga mahindi na muhogo wa jirani, na mudogo wangu iko anasoma.

Mbele ya kulipa fundi, ujue kwanza kitu chako kilitengenezwa namna gani, na wapi kinaanza kufa. Rangi ije mwisho.

Na kwenu, ni nini iko chini ya muembe?