Kasha la Kadi ya Michoro: Historia Fupi ya Kifaa na Tatizo la Jina Lake

Istilahi haizaliwi mezani pa kamati. Huzaliwa siku ile mtu anapolazimika kukitaja kitu mbele ya mwenzake, akatafuta neno asilione, akaazima au akabuni. Kamati huja nyuma, ikakuta majina matatu au manne yamekwisha kuota, na kazi yake huwa ni kupalilia. Katika makala hii twakusudia kueleza habari za kifaa kimoja cha kompyuta ambacho hakijapata jina moja la Kiswahili, na kuonyesha kwamba kukosa jina sawasawa si jambo la wanalugha peke yao, bali laweza kumgharimu mwalimu na mtumishi wa umma fedha taslimu.

Kifaa chenyewe ni sanduku dogo, aghalabu la chuma, linalokaa juu ya meza kando ya kompyuta ya kupakata. Ndani yake hutiwa kadi ya michoro, yaani ile kadi yenye kichakato cha kuchora picha katika kioo cha kompyuta. Kebo moja huliunganisha sanduku na kompyuta, na waya mwingine hulipatia umeme wa ukutani. Kwa njia hiyo kompyuta nyembamba, ambayo haina nafasi ndani ya kadi kubwa, huazima nguvu kutoka kando.

Tulipofikiri ni nani hasa atakayehitaji jina la kifaa hiki, hatukumfikiria mtaalamu wa Dar es Salaam, kwani yeye na wenziwe huelewana kwa Kiingereza. Tulimfikiria mwalimu wa Nkende, katika mji wa Tarime, mkoani Mara. Wengi wa wanafunzi wake husikia Kikuria nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia wafikapo sekondari. Kwa mtoto wa namna hiyo Kiswahili ndicho daraja. Pasipo na ubao katika daraja, mtoto huvuka kwa kuruka, na si wote warukao wafikao.

Kompyuta na majina yake nchini

Yafaa kwanza tukumbuke njia tuliyopita. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Hivyo mashine hiyo ililitangulia Baraza kwa miaka miwili. Mwaka 1974, baada ya hasara na masikitiko yaliyotokana na matumizi ya mwanzo ya mashine hizo Serikalini, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku ila kwa ruhusa maalumu. Kwa muda mrefu, basi, kitu kilikuwa adimu, na palipo na uhaba wa kitu huwapo pia uhaba wa maneno ya kukitajia.

Marufuku hayo yalipolegezwa na mashine zikaanza kuenea, majina yalikuja kwa mkupuo. Baadhi ya watu, hasa nchini Kenya, walishika neno "tarakilishi", lililoungwa kutokana na tarakimu na akili. Wengine walitumia "ngamizi", neno ambalo masikioni mwa wengi lilileta fikra ya kuangamiza kuliko ya kuhesabu. Huku kwetu neno la kukopa, "kompyuta", ndilo lililoshinda, wala halikushinda kwa amri. Lilishinda kwa sababu karani, mwanafunzi na mwenye duka walikuwa wakilitamka tayari.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2004, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Hapo mfasiri hakuweza tena kukwepa. Kila amri iliyoandikwa katika kioo ilidai neno, na neno hilo lilipaswa kuwa fupi, maana nafasi ilikuwa ndogo. Wafasiri wa programu walijifunza jambo ambalo wafasiri wa vitabu hawakulazimika kulijua: istilahi nzuri ikiwa ndefu kupita kiasi haitumiki.

Baadaye likaja jina la kompyuta ndogo yenyewe. Kitenzi "kupakata" ni cha kale. Mama humpakata mtoto. Kutokana nacho tumepata "kompyuta mpakato" na "kipakatalishi". Huu ni mfano bora wa kupanua maana ya neno lililopo: msikilizaji aliyepata kumwona mama na mtoto huelewa kabla ya kuelezwa.

Kifaa kilivyokuja

Kadi ya michoro ilikuwapo zamani katika kompyuta za mezani. Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi iitwayo GeForce 256, na katika kuitangaza ikalieneza jina la kichakato cha michoro kama chombo cha peke yake, mbali na kichakato kikuu. Tangu hapo vichakato hivyo vilizidi kupata nguvu, na kwa kadiri vilivyopata nguvu ndivyo vilivyodai umeme mwingi na kutoa joto jingi. Kompyuta mpakato hazikuweza kuyamudu yote mawili.

Wazo la kuitoa kadi nje ya kompyuta lilijaribiwa mapema. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ilitangaza kifaa cha XG Station, na mwaka 2008 Fujitsu Siemens ilikuwa na chake kwa ajili ya kompyuta zake za Amilo. Tatizo lilikuwa njia ya kupitishia habari kati ya kadi na kompyuta. Ilikuwa nyembamba, au ilimfunga mnunuzi kwa mtengenezaji mmoja. Mwaka 2011 ilitokea kebo ya Thunderbolt, yenye uwezo wa kupitisha biti bilioni 10 kwa sekunde. Mwaka 2013 uwezo huo ulifika bilioni 20, na toleo la tatu la mwaka 2015 likafikisha bilioni 40. Mwaka uliofuata, 2016, Razer Core ilitangazwa, na makasha ya kampuni nyingine yakafuata. Mwaka 2018 Apple iliyakubali rasmi katika kompyuta zake. Lakini zile zenye vichakato vya Apple yenyewe, zilizoanza kutoka mwaka 2020, haziyapokei.

Hata hivyo kasha halilingani na kuiweka kadi ndani ya kompyuta ya mezani. Kadi iliyomo ndani huzungumza na mashine yake kwa njia 16. Iliyomo katika kasha la Thunderbolt hupata njia 4 tu. Kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea barabarani. Upotevu huzidi iwapo picha iliyokwisha kuchorwa katika kasha hurudishwa kwa kebo ile ile ikaonyeshwe katika kioo cha kompyuta mpakato. Hupungua iwapo kioo kingine kimeunganishwa moja kwa moja na kadi.

Majina yanayogombana

Sasa tuyapime majina. Wengine hulitaja jambo hili kwa herufi za Kiingereza, eGPU. Herufi si neno. Hazina ngeli, wala mwanafunzi hazimwambii kitu. Wengine husema "kadi ya michoro ya nje". Jina hili lina ila mbili.

Ila ya kwanza ni neno "nje". Katika Kiswahili chetu "bidhaa za nje" ni bidhaa za nchi za kigeni, na "fedha za nje" ni fedha za kigeni. Mtumishi wa ugavi asomapo "kadi ya nje" aweza kuelewa kwamba ni kadi iliyoagizwa kutoka ng'ambo, sifa ambayo karibu kila kadi ya kompyuta hapa nchini inayo. Neno limesema kweli, lakini halikusema lililotakiwa.

Ila ya pili ni kubwa zaidi. Jina hilo huvichanganya vitu viwili. Kadi ni kitu kimoja, na sanduku la kuitilia ni kitu kingine. Aghalabu huuzwa mbalimbali. Tuseme ofisi fulani ya wilaya yahitaji kuchora ramani za viwanja kwa kompyuta mpakato iliyo nayo. Hati ya zabuni ikiandikwa "kadi ya michoro ya nje, moja", muuzaji aweza kuleta sanduku tupu, akawa ametimiza maneno ya hati. Aweza pia kuleta kadi tupu, isiyo na pa kuchomekwa, naye pia asishindwe katika hoja. Katika hali zote mbili fedha ya umma imetoka na ramani haikuchorwa. Hapo kosa si la muuzaji wala la karani. Ni kosa la istilahi.

Kwa sababu hiyo sisi twapendekeza "kasha la kadi ya michoro", na kwa ufupi "kasha la kadi". Neno "kasha" ni kongwe katika lugha; ni sanduku imara la kuhifadhia kitu cha thamani, wala si kitu chenyewe. Mtu aambiwapo "kasha" huuliza mara moja, "Na kilichomo?" Swali hilo ndilo tulitakalo. Tulilifikiria pia "sanduku", tukaona lina kazi nyingi mno, tangu sanduku la barua hadi sanduku la kura. Tuliifikiria "ala", kama ala ya kisu. Lakini ala hufuata umbo la kilichomo, ambapo kasha hili hupokea kadi za maumbo mbalimbali.

Neno "kadi" nalo lina upungufu. Kwa mwananchi, kadi ni ya chama, ya kliniki au ya harusi, kitu chepesi cha kutia mfukoni. Ilhali kadi za michoro za siku hizi huweza kuwa nene kuliko tofali la kuchoma. Lakini neno limekwisha kuenea miongoni mwa mafundi, na somo la "kompyuta" hutufundisha kutoligombania neno lililokwisha kushika mizizi.

Yapasayo kuandikwa pamoja na jina

Jina peke yake halitoshi katika hati ya ununuzi. Hapana budi mambo manne yatajwe. Kwanza, kama kadi imo ndani ya kasha au haimo. Pili, nguvu ya umeme ambayo kasha hutoa, kwa wati. Razer Core X, kwa mfano, ilikuwa na kigawa umeme cha wati 650, kile ambacho mafundi huita pawasaplai, na kadi kubwa huweza kudai wati 300 au zaidi. Tatu, kama tundu la kompyuta hupokea Thunderbolt. Matundu mawili huweza kufanana kabisa kwa umbo, moja likapitisha njia za kadi na jingine lisipitishe. Nne, kama kuna programu kiendeshi ya kuifanya kompyuta iitambue kadi. Tena mtumiaji afundishwe kuiaga kadi katika kompyuta kabla ya kuchomoa kebo. Umeme ukikatika ghafla, betri ya kompyuta mpakato huendelea, lakini kasha huzimika, na kazi iliyokuwa ikifanywa huweza kupotea.

Huenda msomaji akauliza, je, haya yanawahusu watu wa Tarime na Serengeti? Jibu letu ni kwamba yamekwisha kuwagusa. Kuanzia mwaka 2010 kamera 225 za kujipiga zenyewe zilitegwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ili kupiga picha za wanyama wapitao. Picha zilizokusanywa zilizidi milioni 3, nazo kwanza zilitambuliwa kwa macho ya watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kumtambua nyumbu, simba na swala katika picha hizo. Kazi ya aina hiyo hutegemea vichakato vya michoro, kwa kuwa hesabu zile zile za kuchora picha ndizo zifaazo kuichambua. Wanyama ni wa kwetu, picha ni za kwetu, na taarifa ziliandikwa kwa lugha ambayo mtoto anayeishi kando ya hifadhi haijui sawasawa.

Hatusemi kwamba neno moja litaliondoa pengo hilo. Twasema tu kwamba mwalimu wa Nkende aweza kuchora ubaoni visanduku viwili na mstari mmoja kati yake, akaandika chini ya cha kwanza "kompyuta mpakato", na chini ya cha pili "kasha la kadi ya michoro", na darasa zima likaelewa kipi kimeazima nguvu kwa kipi. Wasomaji walio na jina lililo bora kuliko hili, hasa walimu na mafundi wa mikoani, twawaomba watuletee, pamoja na sentensi walimolisikia likitumika.