Riwaya ya Kijapani kwa tafsiri: uteuzi wake katika vilabu vya vitabu vya Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria

Kuteua riwaya ya Kijapani kwa tafsiri ni kuamua mambo mawili: kitabu gani kisomwe, na kisomwe katika tafsiri ya nani. Kisumu na miji mingine ya ufuo wa Kenya, vitabu hivi husomwa zaidi kwa Kiingereza, kisha huzungumzwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Kitabu huwa kimevuka maji mara mbili kabla ya kufika mezani. Kwa sababu hiyo swali la pili, ambalo vilabu vingi hulisahau, ndilo zito zaidi.

Usuli

Ziwani, Japani hujulikana kwa vyuma kuliko kwa vitabu. Abiria wa Nyanza huijua kwa Probox iliyojaa kupita kiasi, na wakazi wa Nyakach kwa mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu wa megawati 60, uliojengwa kwa mikopo ya Japani. Hata hivyo uhusiano wa vitabu upo, na si wa jana. Shirika la uchapishaji la Kodansha la Tokyo, chini ya Noma Shoichi, lilianzisha Tuzo ya Noma ya Uchapishaji Afrika, iliyotolewa kuanzia 1980 hadi 2009. Mshindi wa kwanza alikuwa Mariama Bâ wa Senegali. Kenya iliipata mwaka 1984 kupitia Gakaara wa Wanjaũ, aliyeandika kwa Kikuyu kumbukumbu zake za kizuizini, akiishiriki na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Iliipata tena mwaka 2000 kupitia Kimani Njogu na Rocha Chimerah kwa kitabu Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu, ambacho wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekibeba bila kujua kwamba kilituzwa kwa fedha za Tokyo. Kodansha hiyohiyo, kupitia tawi lake la kimataifa lililofungwa mwaka 2011, ilichapisha kwa Kiingereza riwaya nyingi za Kijapani, ikiwemo Black Rain ya Ibuse Masuji.

Somo la Miaha

Msomaji wa ziwani ana mizani ambayo wengine hawana. Mwaka 1983 Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alitoa Miaha, riwaya ya Dholuo iliyojengwa juu ya kisa cha kale cha jembe lililolima lenyewe, hadi bibi harusi Nyawir alipolishika akalima kwa mikono yake, na watu wakabaki na jasho tangu siku hiyo. Okoth Okombo aliifasiri kwa Kiingereza kama The Strange Bride, ikatoka 1989. Anayezijua lugha zote mbili anaweza kuziweka nakala mbili magotini na kuona palipobaki, palipopungua na palipofidiwa. Hakuna mafunzo bora ya kupima tafsiri kuliko kulinganisha kitabu ambacho pande zake zote mbili unazifahamu. Klabu inayoanza na Miaha huingia Japani ikiwa na macho makali.

Kisumu pia ilikuwa makao ya Asenath Bole Odaga (1937–2014), mwandishi na mchapishaji, aliyeanzisha Lake Publishers na kuendesha duka la vitabu la Thu Tinda. Jina hilo ni tamko la Waluo la kufungia ngano.

Vigezo

*Mtafsiri.* Kitabu kimoja kinaweza kuwa na sura mbili. Norwegian Wood ya Murakami Haruki (1987) ilifasiriwa na Alfred Birnbaum mwaka 1989 na tena na Jay Rubin mwaka 2000. Rubin huyohuyo, alipofasiri The Wind-Up Bird Chronicle, aliondoa maneno yapatayo 25,000 kwa sababu ya masharti ya mchapishaji. Wanachama wakifika na matoleo tofauti, nusu ya kikao huishia kwenye namba za kurasa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kokoro ya Natsume Soseki (1914), iliyofasiriwa na Edwin McClellan mwaka 1957 na Meredith McKinney mwaka 2010. Wote wawili waliliacha jina la kitabu kama lilivyo, maana Kiingereza hakina neno moja la kulitosha. Kiswahili kinalo: moyo. Tunasema mtu ana moyo, amevunjika moyo, amejipa moyo, amepiga moyo konde, na kila safari tunataja kitu tofauti kidogo, kuanzia huruma hadi ujasiri. Vivyo hivyo kwa mhusika mkuu, anayeitwa Sensei tu bila jina. Mwingereza analiona neno geni. Msomaji wa Afrika Mashariki anasikia "Mwalimu", jinsi Watanzania walivyomwita Nyerere, heshima isiyohitaji darasa wala chaki. Hapa msomaji wa Kisumu yuko karibu na Kijapani kuliko mtafsiri aliyemletea kitabu.

*Urefu na bei.* Vitabu vilivyoagizwa ni ghali, na tangu Sheria ya VAT ya 2013 vinatozwa asilimia 16. Ndiyo maana vitabu vifupi hushinda. 1Q84 ya Murakami ina kurasa zaidi ya 900 na haifai kwa klabu inayokutana kila mwezi.

*Majina.* Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Matoleo mengi ya Kiingereza huligeuza. Tena kuna Murakami wawili, Haruki na Ryu, wasiofanana hata kidogo. Aliyetumwa mjini kutafuta "kitabu cha Murakami" ambiwe ni yupi.

Vitabu vinavyofaa ufuo

*Kani Kosen* (1929) ya Kobayashi Takiji ndiyo inayostahili kutangulizwa. Inasimulia meli ya kuvua na kusindika kaa karibu na Kamchatka, iliyojaa wakulima waliofilisika, wanafunzi na vibarua wanaopigwa na msimamizi katili aitwaye Asakawa. Kobayashi anaonyesha ujanja wa matajiri kwa mstari mmoja wa hoja: meli hiyo ni kiwanda, kwa hiyo sheria za meli haziigusi, lakini ni meli, kwa hiyo sheria za viwanda haziigusi pia. Wavuvi wanagoma, jeshi la majini wanalodhani limekuja kuwatetea linawakamata viongozi wao, nao wanagoma upya. Hakuna shujaa mmoja. Shujaa ni kundi. Mwandishi alikufa mikononi mwa polisi wa Tokyo tarehe 20 Februari 1933, akiwa na miaka 29. Mwaka 2008 kitabu kilirudi kuuzwa kwa wingi Japani, kikisomwa na vijana wasio na ajira za kudumu. Tafsiri ya karibuni ni ya Željko Cipriš (2013). Katika mji uliokuwa na viwanda vya minofu ya mbuta wa kuuza ng'ambo, kitabu hiki hakihitaji utangulizi.

*Shiosai* (1954) ya Mishima Yukio, iliyofasiriwa na Meredith Weatherby kama The Sound of the Waves, ni mapenzi ya kijana mvuvi Shinji na Hatsue katika kisiwa kidogo. Mama yake Shinji ni miongoni mwa wanawake wa kisiwa wanaopiga mbizi kwa ajili ya riziki. Sura zao huleta mazungumzo mazuri Rusinga au Mbita, ambako wanawake hununua, huanika na kuuza omena, lakini wachache humiliki mtumbwi. Umbea wa kijiji nao ni uleule.

*Yukiguni* ya Kawabata Yasunari, mshindi wa Nobel wa 1968, ni nzuri lakini baridi. *Chinmoku* ya Endo Shusaku, kuhusu wamisionari na imani iliyojaribiwa, hufaa penye wanachama wa makanisa mbalimbali.

Hali ya sasa

Waandishi wanawake wamepata nafasi kubwa, akiwemo Murata Sayaka, aliyeshinda Tuzo ya Akutagawa mwaka 2016 kwa riwaya fupi ya muuzaji wa duka dogo. Kitabu chepesi cha Kawaguchi Toshikazu kuhusu mkahawa wa kusafiri nyuma katika wakati husomwa na vijana.

Hakimiliki ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hiyo maandishi ya Kijapani ya Soseki, Akutagawa Ryunosuke na Kobayashi ni huru, ingawa tafsiri zao mpya za Kiingereza bado zina wenyewe. Atakayejifunza Kijapani anaweza kuyaleta moja kwa moja kwa Kiswahili au Dholuo bila kumwomba mtu ruhusa.