Mugumo Ulio Juu ya Chemchemi

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mti mmoja, na maji yaliyo chini yake.

Upande wa juu wa Nanyuki, kwenye njia iendayo mlimani, tuna kanisa dogo la mabati. Nyuma yake kuna chemchemi, na juu ya chemchemi umesimama mugumo mkubwa, ambao watu watatu wakishikana mikono hawawezi kuuzunguka. Mwaka huu halmashauri ya kanisa ilileta neno kwamba mti huo ukatwe. Palihitajika nafasi ya jumba la mikutano. Tena kulikuwa na sababu ya pili, iliyosemwa kwa sauti ya chini: asubuhi nyingine huonekana shinani mafuta ya kondoo, na wakati mwingine damu. Tulipopiga kura, nasi tuliinua mkono.

Baada ya mkutano mama mmoja mzee alitungoja mlangoni. Ni mshiriki wa Meza ya Bwana tangu ujana wake. Alisema, "Pasta, mkishaukata, maji tutateka wapi?" Tulimjibu, "Cucu, maji yako chini ya ardhi, hayako ndani ya mti." Akatutazama kama amtazamavyo mtoto, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Miaka kumi na mitano iliyopita, katika mtaa mwingine, tulisimamia kukatwa kwa mugumo mwingine, tukahubiri siku ile kwa nguvu sana. Kivuli kilipoondoka, mtu mmoja alilima mpaka ukingoni, na ng'ombe wakaingia kunywa palepale watu walipoteka. Mwaka wa pili palikuwa na matope tu, na akina mama wakarudi kuteremka mtoni na mitungi mgongoni. Hayo hatukuyahubiri.

Basi tukaanza kuuliza na kusoma. Wazee wetu wa Kikuyu waliomba wakiuelekea mlima, Kirinyaga, na mahali pao pa kuombea palikuwa chini ya mugumo. Mvua ilipokataa, wazee walichinja mwana-kondoo wa rangi moja, asiye na doa, wakamwomba Ngai. Mti wenyewe haukuombwa. Jomo Kenyatta aliyaandika hayo mwaka 1938 katika kitabu chake kuhusu desturi za Wakikuyu, ambacho jina lake lenyewe lataja kuuelekea mlima. Tena mti huo haukukatwa hata tawi, wala kuni zake hazikuokotwa. Mahali pa namna hiyo palibaki na miti hata pale shamba lilipolimwa pande zote. Nao Wamasai, waliolisha ng'ombe katika Laikipia yetu hii kabla ya kuhamishwa kwenda kusini kati ya mwaka 1911 na 1913, walikuwa na jina lao kwa mlima huu, na heshima yao.

Juu ya maji kuna hadithi nyingi. Wakikuyu huuita upinde wa mvua mukunga-mbura, na hadithi za jioni husema ni mnyama mkubwa akaaye majini, awezaye kumeza ng'ombe na watoto. Upande wa Meru kuna ziwa dogo msituni liitwalo Nkunga, nalo wageni wakaliita Ziwa Takatifu. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi hizo hakuoga katika chemchemi wala kuichafua. Sisi tuliosoma chuoni tuliwacheka waliotusimulia.

Na mugumo wa Thika ni nani asiyeusikia? Mtabiri Mugo wa Kibiru alisema kwamba mti ule ukianguka, utawala wa wageni utakwisha. Husimuliwa kwamba serikali ya kikoloni iliuzungushia chuma ili usimame. Ulipigwa na radi, ukaanguka mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru. Na mwezi wa Novemba 2020, mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way huko Nairobi ulikuwa ukatwe kupisha barabara mpya ya juu. Watu walipiga kelele, na rais akaamuru uachwe.

Lakini tusifiche jambo. Wazee wetu wa kanisa wana sababu ya kuogopa mahali hapo. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952, wako Wakristo waliokataa kula kiapo wakauawa, na kanisa kuu letu la Murang'a lilijengwa kuwa ukumbusho wao. Mtu ambaye baba yake alikufa kwa ajili ya jambo hilo, akiona damu shinani, hatuwezi kumwambia asiumie. Tena Maandiko yanatuambia habari za Mfalme Hezekia, aliyeivunja nyoka ya shaba ingawa Musa mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba.

Wazungu waliotuletea Injili nao walikuwa na miti yao na visima vyao. Kule Ujerumani, yapata mwaka 723, Bonifasi aliuangusha mwaloni wa mungu wa radi mahali paitwapo Geismar, na kwa mbao zake akajenga kanisa dogo. Hiyo ndiyo hadithi tuliyoipenda tulipokuwa vijana chuoni. Iko nyingine ambayo hatukuitilia maanani. Agostino alifika Kent katika Uingereza mwaka 597, akapokewa na Mfalme Ethelbert. Mwaka 601 Papa Gregori alimwandikia mfalme huyo abomoe nyumba za sanamu. Wajumbe wakashika njia. Wiki chache baadaye, wakiwa bado safarini, Gregori alimwandikia mmoja wao, Melito, barua ya pili. Alisema amefikiri sana: sanamu ziharibiwe, lakini nyumba zenyewe zisibomolewe. Zinyunyiziwe maji ya baraka, ziwekwe madhabahu, ili watu wafike mahali walipozoea na wamwabudu Mungu wa kweli. Barua hiyo imehifadhiwa na Beda katika historia yake aliyoimaliza mwaka 731. Papa mzima alibadili shauri, na barua ya kwanza haijafika bado! Jambo hilo lilitufariji sana, sisi tulioinua mkono.

Visima navyo vilipewa majina ya watakatifu. Kule Wales kuna mji unaoitwa Holywell, yaani kisima kitakatifu. Husimuliwa kwamba msichana Winifrida alikatwa kichwa na mwana wa mkuu aliyemkataa, na pale kichwa kilipoanguka maji yakabubujika. Kisha mjomba wake, Beuno, akamrudishia uhai. Hadithi hiyo hatuwataki mwiamini. Lakini Henri wa Nane alipovunja mahali patakatifu pa nchi yake, watu hawakuacha kwenda Holywell, na huenda hata leo. Babu za wamisionari wetu walifunga vitambaa mitini kando ya visima, nao wajukuu wao wakaja kutukemea kwa mafuta ya kondoo.

Ibrahimu alipanda mti pale Beer-sheba, penye kisima, akaliitia jina la Bwana. Isaka alivichimbua tena visima vya baba yake ambavyo Wafilisti walivifukia, akavirudishia majina yaleyale. Na Bwana wetu, alipochoka kwa safari, aliketi kisimani pa Yakobo, akamwomba maji mwanamke Msamaria.

Hayo yote tuliyapeleka mbele ya halmashauri, tukaanza kwa kukiri habari za mtaa ule wa kwanza. Majadiliano yalikuwa makali. Mzee mmoja aliuliza, "Na hao wanaokuja usiku, Pasta, tuwafanyeje?" Tulisema tutakwenda kuketi nao mchana, kwa kuwa tunawajua, na wawili kati yao tuliwabatiza sisi wenyewe. Sadaka ya damu hatutairuhusu, maana Mwana-Kondoo amekwisha kutolewa, na hilo tutawaambia waziwazi. Mwishowe kura zilipigwa upya. Jumba litajengwa upande wa barabara, ingawa ni padogo. Chemchemi itazungushiwa ua, na ng'ombe watatengenezewa birika lao chini. Na maji ya ubatizo wa Pasaka yatatekwa pale, chini ya mugumo.

Wazee wawili hawakukubali, na kila Jumapili hupita njia ndefu ya nyuma ili wasiukaribie mti. Tunawasalimu wafikapo, wala hatuwalazimishi. Yule Cucu naye ameagiza kwamba ndoo ya Pasaka ataibeba yeye, asipewe kijana.