Tiba ya VVU magerezani: Hatari kubwa iko mlangoni

MTU anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU) anapopelekwa gerezani, huondolewa uhuru wake, lakini haondolewi haki ya kutibiwa. Kanuni hiyo inakubalika kisheria na kitabibu. Hata hivyo, uzoefu wa nchi nyingi umeonyesha kuwa mgonjwa wa namna hiyo hupotea katika tiba si sana kwa miaka anayokaa ndani, bali katika siku chache za kukamatwa, kuhamishwa na kuachiwa.

Mkoa wa Morogoro unaonyesha uzito wa suala hili. Chini ya safu ya milima ya Uluguru, mashariki mwa mji wa Morogoro, lipo eneo la Kingolwira lenye historia ya magereza ya kilimo tangu enzi za ukoloni wa Waingereza, na ambako lipo Gereza la Wanawake. Mkoa huo una pia magereza ya Mkono wa Mara, Mtego wa Simba na Wami, na katika Bonde la Kilombero yapo Kiberege na Idete. Wafungwa wanaolima katika mashamba hayo si wenyeji wa Morogoro pekee. Mtu anaweza kuhukumiwa mkoa mmoja, akatumikia kifungo mkoa mwingine na hatimaye kurejea nyumbani mamia ya kilometa kutoka zahanati iliyokuwa ikimpa dawa.

Hali ilivyo

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Miongoni mwa waliojua kuwa wameambukizwa, takriban asilimia 98 walikuwa wakitumia dawa, na kati ya hao takriban asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Takwimu hizo ni za kutia moyo, lakini zilikusanywa katika kaya. Aliyekuwa nyuma ya kuta za gereza hakuhesabiwa.

Gerezani mazingira ni tofauti. Mnamo Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli alipotangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, magereza yalikuwa na watu zaidi ya 35,000, wakati nafasi zilizokuwapo zilikuwa takriban 30,000. Zaidi ya nusu yao walikuwa mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Msongamano wa aina hiyo hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu, ugonjwa unaoongoza kwa kuua watu wenye VVU duniani.

Aidha, wengi wa wenye VVU magerezani huingia wakiwa tayari wameambukizwa. Wapo pia wanaoweza kuambukizwa wakiwa ndani kwa kuchangia nyembe na sindano, au kwa ngono, ikiwamo ya kulazimishwa.

Mlango wa kwanza: Kukamatwa

Mahabusu ya polisi si zahanati. Mtu aliyekamatwa usiku akiwa hana dawa zake anaweza kukaa siku kadhaa bila kumeza kidonge, ama kwa sababu ndugu hawajui alipo, ama kwa sababu anaogopa kujitaja mbele ya wenzake.

Dawa zinapokatishwa, virusi huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache. Kinga ya mwili hushuka, na kukatisha dawa mara kwa mara kunaweza kuzaa usugu wa virusi. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutoonekana katika kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Akikosa dawa, kinga hiyo hutoweka kwake na kwa wenzake.

Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 inataka upimaji wa VVU uwe wa hiari, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria hiyo. Majibu ni siri, na unyanyapaa umekatazwa. Kwa mfungwa, siri hiyo ina thamani ya pekee. Katika bweni linalolaza makumi ya watu, anayeitwa kila mara kwenda kuchukua dawa hujulikana upesi, na wengine huacha dawa ili wasijulikane.

Mlango wa pili: Uhamisho

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinaelekeza kuwa mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile kinachopatikana uraiani, bila malipo. Zinasisitiza tiba isiyokatika, zikitaja kwa majina VVU na kifua kikuu, na kutaka jalada la afya la mfungwa limfuate anapohamishwa.

Nchini Tanzania, mgonjwa aliyeandikishwa katika kliniki ya tiba na matunzo (CTC) hupewa namba na kadi. Kadi hiyo ikisahaulika wakati mfungwa anapopandishwa kwenye gari, gereza analokwenda hulazimika kuanza upya kutafuta historia yake.

Wanawake na watoto

Suala hili ni zito zaidi kwa wanawake, kwani baadhi huingia gerezani wakiwa wajawazito au wakiwa na watoto wanaonyonya. Bila dawa, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto katika ujauzito, kujifungua au kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa tiba sahihi hushuka chini ya asilimia 5. Hapa dozi inayokatika humwadhibu mtoto ambaye hakuhukumiwa na mahakama yoyote.

Kinga yenye utata

Mwaka 2013, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipendekeza hatua 15 za kukabiliana na VVU magerezani. Miongoni mwake ni elimu, upimaji, dawa, udhibiti wa kifua kikuu, kuzuia ukatili wa kingono na utoaji wa kondomu. Afrika Kusini na Lesotho hutoa kondomu kwa wafungwa. Tanzania haitoi, na Kanuni ya Adhabu inaharamisha ngono baina ya wanaume.

Hata pasipo kuugusa mjadala huo, yapo yanayowezekana: kila mfungwa kuwa na wembe wake, kupunguza msongamano, kuwalinda vijana dhidi ya wababe, na kumpatia aliyebakwa dawa za kinga. Dawa hizo huanza ndani ya saa 72 na hutumika siku 28. Mwathirika anayeogopa kusema hupitwa na muda huo.

Mlango wa tatu: Kuachiwa

Siku ya kutoka ni ya furaha, lakini kitabibu ni ya hatari. Anayemaliza kifungo kwa tarehe inayojulikana anaweza kuandaliwa mapema. Anayeachiwa ghafla na mahakama, au kwa msamaha wa Rais, huweza kuondoka bila dawa wala barua ya rufaa. Misamaha hiyo imekuwa ikiwataja pia wagonjwa mahututi, wakiwamo wa UKIMWI, ambao ndio wanaohitaji zaidi mwendelezo wa huduma.

Gharama ya kuziba pengo hilo si kubwa: dawa za miezi kadhaa mkononi, nakala ya kumbukumbu za kliniki, na jina la kituo cha afya kilicho karibu na anakokwenda. Umuhimu wake uliongezeka baada ya Marekani kusimamisha misaada ya nje Januari 2025, hatua iliyotikisa huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika.

Wafungwa walio wengi watarejea uraiani, kwa wenza na watoto wao. Kwa sababu hiyo, afya ya gereza la Kingolwira au Kiberege haiishii kwenye lango lake. Ni sehemu ya afya ya mitaa ya Morogoro, Dar es Salaam na kila kijiji kinachomsubiri mtu wake arudi.